Msemaji Gasana na Kijana wa Mafuta

Mimi nakodisha mahema na viti. Kama umewahi kuhudhuria posa au harusi pande za Kagarama, basi umekalia kiti changu, na kama ulikimwagia mchuzi, ujue nilikutukana kimoyomoyo. Miaka yote nimekaa nyuma ya sherehe za watu nikilinda vitambaa vyangu, na nimesikia wasemaji wa kila namna. Wengi wao ni kupiga domo tu. Gasana alikuwa kitu kingine, na ndiyo maana namsimulia yeye.

Kwetu Rwanda mtu haposi kimya kimya. Upande wa kijana na upande wa binti wanaketi chini ya mahema mawili wakitazamana, na kila upande una msemaji wake. Wa kijana akisema wamekuja kuomba mke, wa binti lazima awakatalie. Ndiyo adabu yenyewe. Kwanza anawaambia mmepotea nyumba, hapa hatuna mtoto wa jina hilo. Akibanwa anasema haya, yupo, lakini ameshaposwa. Akibanwa zaidi anakumbusha kwamba babu yenu aliwahi kumnyima babu yetu moto wa kuwashia kiko. Uongo mtupu, na kila mtu anajua ni uongo, maana binti mwenyewe yuko ndani anapakwa poda. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwisho msemaji wa binti anainua mikono, anasema, "Basi, mmenishinda," na ng'ombe wanatolewa. Ukimtoa binti bila kuwakatalia wageni kwanza, majirani watasema ulikuwa na haraka ya kumwondoa nyumbani.

Gasana alikuwa msemaji wa upande wa mabinti. Siku za kawaida aliuza maziwa, ya moto na ya mgando, katika kibanda cha karibu na kwangu, mwembamba mrefu, kofia ya pama haimtoki kichwani. Ulikuwa ukienda kununua kikombe kimoja unakaa mpaka mchana kwa sababu ya mdomo wake. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Gasana ulikuwa na akili.

Mpinzani wake alikuwa Ndihokubwayo wa Gikondo, msemaji wa upande wa vijana, mnene, mwenye sauti ya ngoma. Hao wawili wakikutana, watu waliacha wali upoe. Walijifanya hawapendani. "Yule wa Gikondo," Gasana alikuwa akisema, "Mungu alimpa tumbo akasahau kumpa maneno." Na wa Gikondo alijibu kwamba Gasana ni ngozi imening'inizwa kwenye kofia. Hakuna aliyewaamini.

Kuhusu maisha yake ya zamani hakuongea sana, yeye aliyeongea kila kitu. Wazazi wake walikuwa wakimbizi, naye alikulia Uganda, upande wa Bunyoro, karibu na Ziwa Albert, akichunga ng'ombe wa watu. Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, kwa hiyo tulielewana bila kuelezana. Ukizaliwa ukimbizini unajifunza mapema kwamba hata nyasi unazokanyaga zina mwenyewe. Alirudi nchini kijana, akaoa, akapata Trinah na Ngabo, kisha mkewe akafa, akalea peke yake. Trinah alimsaidia kuuza maziwa. Ngabo akajifunza kuchomelea vyuma.

Halafu likaja jambo la mafuta.

Yalikuwa yamejulikana siku nyingi kwamba yapo kule Bunyoro, chini kabisa, ila yalikuwa maneno ya redioni. Ghafla wakaanza kuchimba kweli, na kulaza bomba la kuyapeleka mpaka Tanga. Aaa, ungeiona Kagarama! Karakana zikabaki na wazee. Ukitaka nondo za dirisha unaambiwa subiri, fundi yuko Hoima, kule kwenye mafuta. Dereva, mpishi, fundi umeme, hata yule kijana aliyekuwa akinikunjia mahema, wote Hoima. Wasichana nao wakaanza kuchagua: huyu wa pikipiki simtaki, nataka wa mafuta. Vijana wakarudi likizo na viatu vizito vya kazini, wakavivaa mpaka kanisani ili waonekane. Posa zikawa kubwa, hema moja likawa dogo. Sitakudanganya, na mimi nilikula. Nilinunua hema jipya jeupe lenye madirisha ya plastiki, zuri ajabu, kutokana na pesa za vijana wa watu.

Gasana hakutaka Ngabo aende. Walibishana pale kibandani mbele yetu sote.

"Ardhi ile naijua," mzee akasema. "Haina huruma na Mnyarwanda. Mimi ilinitema."

"Baba, wewe ulichunga juu ya mafuta ukarudi mikono mitupu," Ngabo akajibu, akicheka. "Niache nikachukue chako."

Akaenda.

Pesa yake ya kwanza ilijenga geti. Nyumba ya Gasana ilikuwa na ua wa miti tu, sasa pakawa na ukuta na geti la chuma la milango miwili, pana, la kupitisha gari. Gari lenyewe hakuna. Ngabo alisema litakuja. Basi mzee akawa anapita kwenye kile kilango kidogo cha pembeni, akiinamisha kofia, na milango mikubwa haikufunguliwa hata siku moja. Nilimtania, "Baba Trinah, geti lako linasubiri rais?" Akaniambia, "Linamsubiri mwenyewe."

Na sasa sikiliza jinsi mafuta yalivyoingia mdomoni mwake. Siku moja, kwenye posa, ilipofika zamu ya kusema binti ameshaposwa, akabuni: "Huyu binti tulishampa kijana wangu Ngabo, kijana wa mafuta! Ninyi mnakuja na ng'ombe, yeye analeta bomba zima. Mkimchukua, nitamwambia nini akirudi?" Hema likalipuka kwa kicheko. Tangu siku hiyo akawa anaurudia utani huo kila posa, na asipousema watu wanamdai: "Kijana wa mafuta! Kijana wa mafuta!" Wanafikiri alikuwa akiwachekesha wao. Mimi nilimwona usoni kutoka nyuma ya mahema. Alikuwa akilitaja jina la mwanawe kwa sauti kubwa mbele ya watu, na kwa kitambo kile mtoto alikuwa naye pale. Alikuwa akimkumbuka sana.

Ngabo alikuwa na mchumba wa kweli, Umuhoza wa Ndera, mwalimu wa watoto wadogo, msichana mpole. Kila mara walipopanga kwenda kumposa, mkataba uliongezwa. Ngabo akawa anasema, Baba, huu tu, halafu narudi. Kumbe mafuta yenyewe yalikuwa yameanza kuwachoka vijana. Bomba likishazikwa, halihitaji mtu wa kulizika tena. Wakaanza kurudi mmoja mmoja, viatu vile vile vizito, sasa vimepasuka, wanakaa vibarazani wanatazama barabara. Wawili walikuja kuniomba kazi ya kukunja mahema. Posa zikawa ndogo tena.

Ngabo akapata kazi ya mwisho kwa mkandarasi mdogo, ya kupakua mabomba. Si ya ufundi wake, lakini alisema mwisho wa mwezi anarudi moja kwa moja, waende Ndera. Gasana alikuja kwangu mbio mbio kama kijana.

"Mama Christella, lile hema jipya usimpe mtu."

"Hata akija waziri?"

"Hata akija waziri."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Baba hajisemei katika posa ya mwanawe, na upande wa kijana unahitaji msemaji. Gasana akavaa koti, akaenda Gikondo kwa Ndihokubwayo, akamwomba amsemee Ngabo. Mimi sikuwepo, ila Ndihokubwayo mwenyewe alinihadithia. Alimwacha mzee asimame kidogo mlangoni kwa raha zake, kisha akamwambia, "Mwanao nitamsemea. Hata wakinifungulia mbwa kule Ndera, sitaondoka mpaka wanifungulie na mlango." Wakanywa bia pamoja. Mzee alirudi amefurahi, akaniambia yule mnene kumbe si mjinga.

Zilibaki wiki chache. Kabla ya hapo Gasana alikuwa na posa nyingine ya kusemea, ya Pretty, binti wa Bwana Nkusi, tajiri wa Nyarutarama. Upande wa kijana aliitwa Ndihokubwayo. Mahema yalikuwa yangu, ila lile jipya sikulipeleka, nilikuwa nimeahidi. Bustani yenyewe ungeiona, nyasi utadhani zimechanwa kwa kitana.

Gasana huzima simu akianza kusema. Ndiyo sababu Trinah alinipigia mimi. Nilikuwa nyuma, karibu na majiko. Sikumwelewa mwanzoni, alikuwa analia kwa namna ambayo maneno hayatoki. Mwisho nikasikia. Bomba lilibiringika kutoka kwenye lori wakati wanashusha. Ngabo alikuwa chini.

"Mwambie baba," akasema. "Shangazi, mwambie wewe."

Nilishika nguzo ya hema langu mwenyewe. Halafu nikamwendea Bwana Nkusi, nikamvuta kando, nikamwambia. Akafumba macho, akasema Mungu wangu, maskini. Kisha akafikiri. Mimi nilimwona akifikiri, na sikupenda.

"Mama, tusubiri ng'ombe watolewe," akasema. "Nikimwondoa sasa, posa imevunjika, na msiba umeingia kwenye ndoa ya binti yangu kabla hata haijaanza. Baada ya hapo nitampa gari langu na dereva."

"Mtu kafiwa na mtoto, Bwana Nkusi!"

"Najua. Lakini nusu saa haitamrudisha."

Kusema kweli desturi iko upande wake. Kwetu habari ya kifo inafichwa mpaka sherehe iishe, wengi wangefanya alivyofanya. Lakini mimi nilikuwa najua utani wa kijana wa mafuta, na nilijua unakuja. Nikamwambia hivyo. Akasema labda leo hatausema. Weee! Nilitaka kumtupia sufuria. Nikaondoka nielekee mbele mwenyewe, na vijana wa itifaki, suti nyeusi, glavu nyeupe, wakanizuia kwa heshima zote, kama watu wanaozuia mbuzi asiingie shambani. "Mama, mbele ni kwa familia." Nikawasukuma. Wakanishika mkono.

Na wakati huo simu zilikuwa zinafanya kazi yake. Habari ilipita kiti kwa kiti, niliiona ikipita: mtu anainama, anasoma, anamgusa jirani yake. Mwanamke mmoja akatumia shela kujiziba mdomo. Gasana yeye alikuwa amesimama katikati na kipaza sauti, anawaambia wageni wamepotea nyumba.

Mtu akamwonyesha Ndihokubwayo simu. Niliona uso wake ukibadilika. Yule mtu hajawahi kushindwa kwa maneno maishani mwake, naye alikuwa anajua vilevile kama mimi kinachofuata. Akasimama, akasema haraka:

"Mzee Gasana, leo hatuna mengi. Tumechoka, njia ilikuwa ndefu. Tunakuomba tu utupe mtoto, tukushukuru."

Alikuwa anaukimbiza ule utani usifike. Alikubali kuonekana mjinga mbele ya matajiri wote wale, na mimi tangu siku ile namheshimu kuliko padri.

Lakini Gasana akafurahi! Mungu wangu, alifurahi. Akaona mpinzani wake ameishiwa.

"Jamani, mmemsikia?" akapaza sauti. "Ndihokubwayo amechoka! Tumbo limemzidi! Eti nimpe tu! Hapana bwana. Huyu binti ameshaposwa. Tulishampa kijana wangu Ngabo, kijana wa mafuta..."

Hakuna aliyecheka. Mlevi mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Gasana akangoja kidogo, kama anavyongojaga. Akadhani hawakusikia. Basi akauongeza.

"Ngabo, nasema! Anarudi mwisho wa mwezi. Hema lake limeshawekwa, muulizeni Mama Christella kule nyuma. Atapita getini na gari, na ninyi na ng'ombe wenu mtasogea pembeni!"

Nililia pale pale, mkono wangu bado umeshikwa na kijana wa itifaki. Wanawake walikuwa wanatazama magoti yao. Gasana akavua kofia, akaifuta, akaivaa. Akamtazama mpinzani wake amsaidie, maana ndivyo wasemaji wanavyofanya, na Ndihokubwayo alikuwa amesimama machozi yanamshuka, hayafuti.

"Basi," Gasana akasema kwa sauti ndogo. "Mmenishinda."

Ng'ombe wakatolewa. Bwana Nkusi hakumwendea, alikuwa anashikana mikono na wakwe. Gasana akaja mwenyewe nyuma ya mahema, akaketi kwenye viti vilivyopangwa.

"Mama Christella," akaniuliza, "nimezeeka? Leo wamenikataa."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia. Sikuzunguka. Hakulia. Alikaa ameishika kofia magotini, na nilidhani hajasikia, mpaka aliponiuliza.

"Walikuwa wanajua? Wakati nasema, walikuwa wanajua?"

"Walijua, kaka yangu."

"Na Ndihokubwayo?"

"Alijua."

Akatikisa kichwa pole pole. Alipewa lile gari na dereva. Akakataa. Tulirudi Kagarama kwenye lori langu, juu ya viti.

Mwili ulichelewa kule, taratibu za mpakani na za mkandarasi, sijui nini. Siku hizo zote Gasana hakuongea. Watu walikuja kumpa pole, anawapokea kwa mkono tu. Trinah alimpelekea maziwa, yakaganda mbele yake. Umuhoza alikuja kutoka Ndera na mama yake, akaketi kwenye mkeka na wanawake, msichana ambaye hakuwa mjane kwa sheria yoyote, na hakuna aliyejua amwite nani.

Gari lilifika mchana. Lilisimama nje ya geti. Watu walijaa barabarani. Msimamizi wa kazi alikuwa ameletwa nalo, mtu wa Hoima, kijana tu, amechoka, shati limejaa vumbi. Alizungumza Kiswahili, alidhani ndiyo lugha ya kila mtu. Gasana akatokea kwenye kilango kidogo, akakifunga nyuma yake, akasimama mbele ya geti.

"Mzee, pole sana," yule kijana akasema. "Tumemleta Ngabo."

Gasana akamtazama. Na sauti ikatoka, ile ile ya kwenye mahema, ya kujidai.

"Mmepotea nyumba. Hapa hatuna mtoto wa jina hilo."

Yule msimamizi, maskini, angejuaje mila zetu? Akaingiwa na hofu, akatoa simu, akatazama maelekezo.

"Hapa si Kagarama? Si kwa Mzee Gasana?"

"Gasana ni mimi. Lakini mwanangu yuko kwenye mafuta. Anarudi mwisho wa mwezi."

Trinah akapiga ukelele. Padri akasogea, akaanza kusema mambo ya mapenzi ya Mungu, na Gasana hata hakumgeukia. Wanaume wawili walitaka kumshika mabega wamwondoe. Nikawaambia mwacheni, mwacheni, maana nilikuwa nimeelewa. Alikuwa anakataa kwa njia pekee aliyoijua, njia ambayo maisha yake yote ukikataa hivyo, watu wanacheka na mtoto yuko ndani, mzima.

Ndipo Ndihokubwayo akapenya katikati ya watu. Alikuwa amevaa lile koti lake la sherehe. Akasimama pale msemaji anaposimama, akavua kofia.

"Mzee Gasana, amani iwe hapa," akasema. Ngoma yake ilikuwa imepasuka. "Hatukupotea nyumba. Tumetoka mbali, tumevuka mpaka wa Gatuna. Ulinijia mwenyewe Gikondo, ukaniomba nimsemee kijana huyu, nikakubali. Leo namsemea. Ukitufukuza hatuendi. Hata ukitufungulia mbwa, sitaondoka mpaka unifungulie na mlango."

Gasana alifungua mdomo. Wote tuliokuwa pale tulijua kuna sababu ya tatu, ya mababu, na alikuwa anaitafuta. Hakuipata.

"Mmekuja na nini?" akauliza.

"Tumekuja naye tu."

Mzee akainua mikono yake miwili.

"Basi," akasema. "Mmenishinda."

Akageuka, akaanza kuvuta komeo. Lilikuwa limeshika kutu kwa kutofunguliwa, ikabidi vijana wamsaidie, wale wale waliorudi kutoka kwenye mafuta. Milango yote miwili ikafunguka na gari likaingia. Lile hema jipya nilikuwa nimeshalisimamisha uani, kama alivyoniagiza.